Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu: wenzangu hawakuacha kazi, walifukuzwa

Kwa Bwana Mkurugenzi Mkuu
wa kampuni ya usafirishaji na maghala
Lubumbashi, Jimbo la Haut-Katanga

Kuhusu: barua za kuacha kazi zinazotayarishwa na biro yako, preavi (siku za taarifa kabla ya kazi kukoma), dekonti ya mwisho (hesabu ya malipo ya mwisho) na vyeti vya kazi

Bwana Mkurugenzi Mkuu,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mama niliyekuwa magazinie, yaani mtunza ghala, katika depo yako, nikipokea na kutoa vipuri, matairi na mafuta ya malori yanayokwenda Kasumbalesa mpakani na Zambia, Likasi na Kolwezi. Nilikuandikia nikiwa bado kazini. Nilikuandikia tena baada ya kutoka, pamoja na wenzangu, na barua zetu zina kashe (muhuri) ya mapokezi ya biro yako. Hukujibu. Tulipopeleka malalamiko kwenye Inspeksioni ya Kazi, kama sheria inavyotaka, uliitwa kwenye usuluhishi. Ulimtuma kijana wa mapokezi ambaye hakuwa na ruhusa ya kukubali wala kukataa neno lolote, akakaa, akasikiliza, akaondoka. Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu wote.

Jina la kampuni sitalitaja. Wewe unajijua, na walio ndani wanakujua. Ninachotaka ni watu walipwe haki yao, wapate karatasi zao, na utaratibu ninaoueleza hapa ukome kwa wale waliobaki.

Malalamiko yetu ni mengi, lakini yote yanashikwa na jambo moja. Katika kampuni yako mtu hafukuzwi kwa barua ya kampuni. Anaitwa kwenye biro ya personeli, anawekewa mezani barua iliyokwisha kuchapwa yenye jina lake, ikisema kwamba ameamua mwenyewe kuacha kazi kwa sababu za kifamilia. Kisha anaambiwa: "Mama, tia sahihi hapa, upate pesa zako za mwezi leo. Ukikataa, utangoja." Nyumbani mwenye nyumba anadai kodi, shule inadai ada ya watoto. Mtu anatia sahihi, na kuanzia dakika hiyo kampuni inamhesabu kuwa mtu aliyejiondokea mwenyewe.

Naomba usome hoja zetu moja baada ya nyingine.

1. Barua za kuacha kazi ambazo wafanyakazi hawakuziandika

Ninazo nakala za barua za watu wa kazi mbalimbali: dereva, mama mfagiaji wa biro, kijana wa kurekebisha matairi. Zina maneno yale yale, herufi zile zile, na kosa lile lile la uandishi katika mstari wa tatu. Kijana wa matairi hasomi Kifaransa. Barua yake ni ya Kifaransa safi kabisa. Alikuja kuniuliza mimi imesema nini, wakati alikuwa amekwisha kuitia sahihi. Mama mfagiaji alikuwa mjamzito, tumbo likionekana, na "sababu za kifamilia" zilizoandikwa kwa niaba yake zilimkuta wakati ambapo sheria inampa wiki 14 za likizo ya uzazi. Sheria hiyohiyo inataja mimba kwa jina lake miongoni mwa mambo ambayo hayawezi kuwa sababu ya kumfukuza mtu.

Bwana Mkurugenzi, una mwanasheria, kwa hiyo ibara hizi unazijua. Nazitaja kwa ajili ya wanaosoma pamoja nawe. Sheria ya Kazi ya nchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema katika ibara ya 62 kwamba mwajiri havunji kontra (mkataba wa kazi) isiyo na muda maalumu ila kwa sababu halali: uwezo wa mfanyakazi, mwenendo wake, au mahitaji ya uendeshaji wa kampuni. Ibara ya 76 inadai kwamba anayevunja kontra ndiye aandike, na kama ni mwajiri, ataje sababu waziwazi ndani ya barua. Hapo ndipo faida ya karatasi zako inapoonekana. Mfanyakazi akionekana kuwa ndiye aliyeandika, wewe huulizwi sababu.

Na sahihi ya namna hiyo ina uzito gani? Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo mahakama zetu zinaitumia mpaka leo, inasema hakuna ridhaa halali pale ilipotolewa kwa kukosea, iliponyang'anywa kwa nguvu au ilipopatikana kwa hila. Mshahara wa mwezi ambao mtu amekwisha kuufanyia kazi ni mali yake. Ukimshikia mali yake mpaka atie sahihi kwenye karatasi asiyoielewa, umemlazimisha. Sioni jina jingine la kuliita jambo hilo.

Katika mji huu sahihi ya namna hiyo ina historia, na sidhani kama unapenda kuingia ndani yake. Mwaka 2003 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kwa fedha za Benki ya Dunia, iliwatoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi walikuwa wakidai mishahara ya miezi na miezi. Walitia sahihi kwa sababu nyumbani hakukuwa na unga. Nenda komine za mji wetu, Katuba, Kenya au Kamalondo, utawakuta wazee wanaosimulia hesabu ile hadi leo, na watoto wao waliotolewa shuleni mwaka ule sasa ni watu wazima wenye watoto wao. Baadhi ya watoto hao ni madereva wako.

2. Preavi

Hesabu hii nitaieleza polepole, kwa sababu wenzangu wengi hawakuwahi kuelezwa na mtu yeyote.

Kwa ibara ya 64, mwajiri anayemwachisha mtu kazi bila kosa zito anampa preavi isiyopungua siku 14 za kazi, kisha anaongeza siku 7 za kazi kwa kila mwaka kamili ambao mtu huyo ametumika. Mtu wa mwaka mmoja anapata siku 21. Wa miaka mitano anapata siku 49. Wa miaka 10 anapata siku 84, yaani zaidi ya miezi mitatu. Mkataba wa pamoja kati ya waajiri na sendika (vyama vya wafanyakazi) unaweza kuziongeza siku hizo, kuzipunguza hauwezi. Mwajiri asiyetaka kumwona mtu tena anaweza kumwambia aende leo hii, lakini atamlipa mshahara na marupurupu ya siku zote za preavi ambazo amemnyima. Mfanyakazi anayeacha kazi mwenyewe naye anadaiwa preavi, nusu ya ile ambayo mwajiri angempa.

Sasa tazama kile ambacho barua zako zinakifanya. Dereva wa miaka 10 alistahili kulipwa siku 84. Kwa kuwa karatasi inasema ameacha kazi, hakulipwa hata moja. Tena kwa kuwa karatasi hiyohiyo inasema ameondoka siku ile ile, biro yako ilimhesabu kama mtu aliyeondoka bila kutoa preavi ya siku 42, na siku hizo 42 zikakatwa kwenye dekonti yake. Siku 84 alizonyimwa, na siku 42 alizokatwa: jumla siku 126 za kazi. Miezi karibu mitano ya maisha ya familia moja imeliwa na ukurasa mmoja ambao mwenye sahihi hakuuandika.

Niliposoma dekonti hiyo mara ya kwanza nilidhani karani amekosea. Nikasoma ya mama mfagiaji, nikasoma ya kijana wa matairi. Hakuna aliyekosea. Mtu alikaa akaufikiria utaratibu huu, na hilo ndilo lililonifanya nishindwe kunyamaza.

3. Mtu anayeacha kazi kweli

Mimi niliacha kazi kwa mapenzi yangu. Nililetewa barua ya kumtoa msaidizi wangu wa depo ili niithibitishe kama shahidi, nikakataa, na baada ya hapo nikaona siwezi kubaki. Niliandika barua yangu mwenyewe, kwa mkono wangu, nikahesabu preavi ninayodaiwa kwa sheria, nikaomba inventeri (hesabu ya vitu vyote) ya depo ifanyike mbele yangu na mbele ya mtu atakayenirithi.

Asubuhi iliyofuata mlinzi wa geti alikuwa na amri ya kutonifungulia. Kijana wa watu, aliona haya kunitazama. "Mama, si mimi," aliniambia. Baadaye nikasikia kwamba faili langu limeandikwa kwamba nimetoroka kazi.

Katika muda wa preavi pande zote mbili bado zimefungwa na kontra. Mfanyakazi anafika kazini, mwajiri anampa kazi na kumlipa. Mimi nilifika, geti likafungwa. Siku hizo ni deni lako. Na kama kweli kuna matairi yasiyoonekana katika hesabu ya depo, kama ninavyosikia watu wakinong'ona, basi kumbuka kwamba inventeri niliiomba kwa maandishi na nakala ninayo. Jina langu lisihusishwe na upungufu ambao mlikataa kuuhesabu nikiwepo.

4. Kosa zito

Dereva niliyemtaja hapo juu aliambiwa kwanza kwamba ameuza mafuta katika safari ya Kasumbalesa. Hakupewa barua ya tuhuma. Safari yenyewe ilikuwa imepita miezi mitatu. Alipouliza ushahidi uko wapi, akaonyeshwa hesabu ya lita na kilomita, kisha akapewa chaguo: atie sahihi ya kuacha kazi, au kampuni imshtaki kwa wizi.

Mimi ndiye niliyekuwa nikitoa mafuta hayo, kwa hiyo niruhusu niseme ninachokijua. Biro yako inahesabu lita kwa kilomita za njia. Kutoka Lubumbashi hadi mpakani hakuzidi kilomita 100. Lakini lori halifiki Kasumbalesa likavuka. Linapanga mstari. Dereva anawasha injini, anasogea urefu wa lori moja, anazima. Anawasha tena usiku, kwa sababu asiposogea mwingine ataingia mbele yake. Hata akisimama anaweza kulazimika kuiacha injini ikiunguruma. Foleni inaweza kuchukua siku. Mafuta hayo yote yanaungua bila kilomita hata moja kuongezeka kwenye hesabu. Kila dereva wa njia ile anajua hivyo, na wewe mwenyewe ungejua kama ungemuuliza.

Kumuuliza ni sharti. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1987, unasema mfanyakazi asiachishwe kazi kwa sababu za mwenendo wake kabla ya kupewa nafasi ya kujitetea. Na ibara ya 72 ya Sheria ya Kazi inaruhusu kumtoa mtu bila preavi kwa kosa zito, lakini kwa maandishi, na ndani ya siku 15 za kazi tangu mwajiri alipolijua jambo lenyewe. Kosa lililojulikana miezi mitatu iliyopita na likanyamaziwa haliwezi kuamshwa siku ambayo kampuni inataka kupunguza watu.

Kama dereva ameiba, mshtakini. Mahakama ipo. Ila tishio la polisi lisitumiwe kama kalamu ya kumtilisha mtu sahihi.

5. Majurnalie (vibarua wa siku) wa depo

Vijana wanaopakia na kupakua wanaingia asubuhi na kulipwa jioni. Sheria inaijua kazi ya namna hiyo. Lakini ibara ya 40 inasema mtu aliyechukuliwa siku kwa siku, akishatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, kontra yake inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Ndiyo maana kwenye depo yako kijana anakatwa anapokaribia siku ya 22, anaambiwa apumzike, kisha jina lake linarudi kwenye daftari likiwa limegeuzwa: la ukoo limekuwa la kwanza, la kwanza limekuwa la ukoo. Nimeliona daftari. Wengine wamekaa hivyo miaka, na siku wanapoambiwa wasirudi hawana preavi, hawana likizo, hawana cheti, kwa sababu kwenye karatasi hawajawahi kuwa wafanyakazi.

Kontra isipoandikwa, sheria haimwadhibu mfanyakazi kwa hilo. Inaichukulia kuwa kontra isiyo na muda maalumu, na mfanyakazi anaruhusiwa kuthibitisha kazi yake kwa njia zote. Vijana hawa wana mashahidi: madereva wote waliopakiwa nao.

6. Dekonti ya mwisho, CNSS na cheti

Dekonti zimechelewa kwa wote, na zilizotoka hazina maelezo. Tunaona jumla tu. Likizo ambazo watu hawakuzichukua hazionekani, ingawa sheria inampa mtu mzima angalau siku moja ya kazi ya likizo kwa kila mwezi kamili aliotumika, na kontra ikivunjika kabla hajaichukua, inageuzwa kuwa pesa.

Kuhusu CNSS, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kila mwezi mshahara wetu ulikatwa asilimia 5 kwa ajili ya pensheni. Kampuni nayo ilipaswa kuweka asilimia 13 yake: 5 ya pensheni, 6.5 ya posho za familia na 1.5 ya ajali na magonjwa ya kazini. Baadhi yetu tulipokwenda kuuliza, tulikuta miezi mitupu. Pesa iliyokatwa kwenye mshahara wangu haikuwa yako hata kwa saa moja. Ulishikishwa ili uifikishe. Mtu atakayeugua au kuzeeka baada ya miaka 20 ndiye atakayejua maana ya miezi hiyo mitupu, na wakati huo wewe huenda hutakuwa hapa Lubumbashi kumjibu.

Cheti cha kazi kinataja aina ya kazi, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Hakigharimu kitu. Bila cheti, dereva wa miaka 10 anaonekana kwa mwajiri mwingine kama mtu aliyeanza jana, na kule migodini hakuna atakayempokea. Wapeni watu vyeti vyao, bila maneno ya pembeni.

Bwana Mkurugenzi Mkuu, najua yatakayosemwa kunijibu, kwa kuwa mengine nimekwisha kuyasikia kwenye korido za biro yako.

Utasema biashara imeshuka. Ni kweli kwamba mwaka 2025 serikali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi kuanzia Februari, kisha ikaleta viwango vya mgao mwezi Oktoba, na malori mengi yalilala. Nililiona hilo kwenye daftari langu la mafuta kabla hata hujatutangazia. Lakini sheria imeifikiria hali hiyo. Mahitaji ya kampuni ni sababu halali ya kupunguza watu. Unaliandika, unawajulisha wajumbe wa wafanyakazi kwa maandishi, unapanga orodha kwa kuangalia ujuzi, miaka ya utumishi na mzigo wa familia, unatoa preavi. Na kama watu ni wengi, unaomba idhini ya waziri wa kazi. Mngefanya hivyo, nisingekuwa na la kuandika leo. Watu wa hapa wanaelewa shida ya biashara. Wamekulia katika mji wa migodi.

Utasema walitia sahihi wenyewe. Nimekwisha kulijibu.

Utasema vijana wa depo si wako, ni wa kampuni ndogo iliyokuletea watu. Daftari wanaloandikwa ni lako, geti ni lako, msimamizi anayewaita kwa majina analipwa na wewe. Na hata pale ambapo kweli yupo mtu wa kati, sheria haimwachi mfanyakazi mikono mitupu: mtu wa kati asipoweza kulipa, aliyempa kazi anashika nafasi yake mbele ya wafanyakazi.

Utasema pia, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote, "waende mahakamani." Tutakwenda. Ila wewe unajua kwa nini unasema hivyo. Madai ya mshahara yanakufa baada ya mwaka mmoja, na madai mengi mengine ya kontra baada ya miaka mitatu. Kila barua usiyoijibu, kila mwaliko wa usuluhishi ambao unamtuma mtu asiye na uwezo wa kuamua, unakula mwaka huo. Aliyefukuzwa hana nauli ya kurudi mjini kila wiki kufuatilia faili. Lakini kumbuka ibara ya 63: Tribunali ya Kazi ikiona mtu amefukuzwa bila sababu halali, inaweza kuamuru arudishwe kazini, na asiporudishwa, alipwe fidia inayoweza kufika mishahara ya miezi 36. Weka hesabu hiyo kando ya siku 126 nilizozitaja, uone ni njia ipi iliyo nafuu kwa kampuni.

Neno kwa wale waliobaki ndani, ambao najua wataisoma barua hii kwenye simu wakiwa wamejificha nyuma ya malori. Kupeleka malalamiko dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kufukuzwa; ibara ya 62 inasema hivyo. Mkiwekewa karatasi mezani, ombeni nakala na ombeni muda wa kuisoma. Asiyejua Kifaransa aseme hajui, na aandike hivyo hivyo juu ya karatasi, kwa Kiswahili. Wekeni bultini (karatasi) za mishahara nyumbani, msiziache kwenye kabati za kazini. Na msingoje mwaka upite.

Bwana Mkurugenzi Mkuu, tunachoomba ni hiki.

Kwanza, barua zote za kuacha kazi zilizochapwa na biro yako zifutwe, na kila mhusika apewe barua ya kweli ya kampuni, yenye sababu na tarehe. Asiyekuwa na sababu ya kufukuzwa arudishwe kazini.

Pili, preavi zilizokatwa zirudishwe na preavi zilizonyimwa zilipwe, kwa hesabu ya ibara ya 64, pamoja na likizo zilizobaki. Dekonti ioneshe kila kitu mstari kwa mstari.

Tatu, vijana wa depo waliotimiza siku 22 waandikiwe kontra, na walioondolewa walipwe kama wafanyakazi.

Nne, kampuni itupatie uthibitisho wa malipo ya CNSS kwa kila mmoja wetu, mwezi kwa mwezi, na ijaze mianya.

Tano, vyeti vya kazi vitolewe kwa wote, hata kwa wale ambao bado mnabishana nao kuhusu pesa. Hili halihitaji kikao. Karani mmoja anaweza kulimaliza kwa siku moja, na ningependa lianze kabla ya mengine yote.

Sita, katika usuluhishi ujao uje mwenyewe, au umtume mtu mwenye barua ya kumpa mamlaka ya kuamua na kutia sahihi.

Kwa upande wangu binafsi naomba inventeri ya depo ifanyike nikiwepo, na neno la kutoroka kazi liondolewe kwenye faili langu.

Tunakupa siku 15 za kazi tangu barua hii kupokelewa na biro yako, muda uleule ambao sheria inakupa wewe kumwandikia mtu unayemtuhumu kosa zito. Baada ya hapo tutaiomba Inspeksioni ya Kazi hati ya kushindwa kupatana, na kila mmoja wetu atafungua kesi yake kwenye Tribunali ya Kazi. Avoka (wakili) tumekwisha kuzungumza naye. Nakala za barua tatu zinazofanana, dekonti zetu na kurasa za daftari la mafuta ziko mahali salama, nje ya nyumba zetu.

Ukitaka kuzungumza kabla ya hapo, tuko tayari. Anwani yangu iko kwenye faili langu, na simu yangu haijabadilika.

Kwa heshima,

Magazinie wako wa zamani,
kwa niaba yake na ya wenzake: madereva, wafagiaji, mafundi wa matairi na wapakiaji
Komine ya Kampemba, Lubumbashi

Nakala kwa:
Liwali wa Jimbo la Haut-Katanga
Inspeksioni ya Kazi ya Jimbo
CNSS, Lubumbashi
Wajumbe wa wafanyakazi ndani ya kampuni